Afande Mwenye Pini Mdomoni

2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Mgongo wako je? Na cherehani, bado inakukorofisha?

Baba, nina shida. Mwezi ujao kila mwanafunzi wa uafisa atasimama mbele ya jopo aeleze neno moja la jeshini: maana yake na lilikotoka. Mimi nimepangiwa "afande". Mwaka jana nilianguka hapo hapo. Nikianguka tena, narudishwa nyumbani bila nyota begani. Wewe umeshona sare kambini miaka thelathini. Niambie unachojua.

Mwanao, Kuruta

11 Mei

Kuruta wangu,

Marahaba. Mgongo upo, cherehani imeninunia.

Siku moja nilikuwa nampima kanali koti, nimebana pini sita mdomoni. Akaniuliza kitu, nikaguna. Akaja juu: "Fundi, huwezi kusema 'ndiyo, afande'?" Nikasimamishwa juani hadi saa saba. Nililia, mwanangu, na sikuwahi kukuambia. Kwangu mimi afande ni mtu asiyengoja fundi ateme pini. Lilikotoka neno kaulize vitabu.

Baba yako

14 Juni

Baba, shikamoo! Kaa kwanza kitini.

Nimefaulu! Tena nimekuwa wa kwanza!

Nilihamia maktaba. Neno lilipita kwa Waturuki, ambao bwana aliyesoma walimwita "efendi". Wao walilipata kwa Wagiriki, na huko mzizi wake ni mtu atendaye kwa mkono wake mwenyewe. Nikafunga kitabu, nikacheka peke yangu.

Mbele ya jopo nikasema: "Basi afande wa kwanza niliyemjua alikuwa na futi shingoni na pini sita mdomoni." Nikawasimulia yote, hata lile jua. Mwenyekiti, jenerali mzima, akasimama akapiga saluti. "Hiyo mpelekee fundi," akasema.

Tunavishwa nyota tarehe thelathini. Usikose, baba.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Saluti imefika; nimeipokea nimesimama wima, mama yako shahidi. Barua nimeisoma mara nne. Nimelia tena, safari hii kwa raha zangu.

Vitambaa vyako vya mabegani nimevishona mwenyewe, kwa mkono. Cherehani na inune. Nakuja navyo. Nitakuita afande mbele za watu, mdomoni sina hata pini moja. Na wewe uniitikie hivyo hivyo.

Baba yako