Gunia Tupu la Kibugu

Mwalimu,

Programu ya mizani imepona. Ningekupigia nikwambie, lakini siku hizi simu yako anaishika mkeo, Mama Muthoni, na sitaki jina langu limtoe machozi tena.

Unakumbuka ilivyokuwa ikikwama. Mkulima anaweka majani yake ya chai kwenye mizani pale kituo cha Kibugu, karani anabonyeza programu yangu kwenye simu, halafu wote wanasimama wanaiangalia. Majani yanapata joto ndani ya magunia, dereva wa lori anapiga honi. Nikaapa kosa ni hesabu zangu za kilo, nikaziandika upya wiki tatu nzima. Ulipolazwa ukaniambia, "Wewe Kawira, umepima ama unabahatisha? Kuja Jumapili unione. Hiyo code haina miguu, utaipata tu hapo." Nikasema acha nimalize kwanza. Jumapili iliyofuata nikasema hivyo hivyo. Ya tatu haikukukuta.

Baada ya mazishi nilirudi Kibugu. Karani alikuwa anapima gunia tupu, kama kawaida, ili uzito wake utolewe kwenye majani. Nikasimama pale nikilia mbele za watu. Si ndivyo ulivyonifundisha? Ondoa kila kitu, upime kinachobaki. Nikaziondoa hesabu zote, nikaiendesha programu ikiwa tupu, na saa mkononi.

Ikachukua muda uleule.

Hesabu zangu hazikuwa na hatia, Mwalimu. Kila gunia lilipowekwa, programu ilikuwa inasoma upya majina ya wakulima wote wa kituo, mamia kwa mamia, kuanzia wa kwanza. Ofisini Embu nilikuwa naijaribu kwa majina kumi, ningeonaje? Niliirekebisha kabla chai ya saa nne haijapoa. Kazi ya wiki tatu nimeifuta yote, maana hata mimi mwenyewe nilikuwa siielewi tena. Haraka yangu haikuwa na baraka hata kidogo.

Nimejikasirikia sana. Ungenicheka kwanza, najua, kisha ungeniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kupima. Lakini zile Jumapili mbili sina pa kuzirekebisha.

Pumzika, Mwalimu wangu. Sitagusa tena kitu kabla ya kukipima. Na Jumapili hii nakuja kumwona Mama Muthoni, niwe nimemaliza kazi ama sijamaliza.

Mwanafunzi wako,
Kawira