Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Jumamosi, Njombe. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na vidole vinauma kwa baridi.

Naanza kwa kujisifu, maana blogu ni yangu. Mkoa mzima hakuna mwenye bahati kama mimi. Pikipiki ya marehemu baba, chuma cha miaka ya sabini, nimeipanda kila siku ya Mungu. Imewaka moto siku moja tu, na siku hiyo mimi nilikuwa ndani ya haisi naenda Igwachanya, natafuna karanga.

Aliyekuwa juu yake ni shemeji yangu Festo, kaka wa mke wangu, anarudi kwake Mahongole.

Leo naisuka nyaya upya, zote. Nimefungua betri kwanza, hasi ikitangulia, kama fundi mmoja wa Lusaka alivyonifundisha. Tangi nimelitoa nikaliweka mbali. Kwenye shingo ya usukani nimeukuta waya wa taa, umesuguliwa na chuma mpaka shaba inanichekea.

Fyuzi ilishaniambia. Wiki ile ilikata mara tatu. Mwenye akili angetafuta shoti iko wapi. Mimi, niliyekula ugali wa nchi nne, nikatangaza kijiweni kwamba fyuzi za siku hizi ni mayai, nikakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaichomeka. Taa ikawaka. Nikapigiwa makofi.

Karatasi ile haikati. Kinachoungua ni waya, halafu mtu.

Mchana Festo amekuja, mikono yote bandeji. Ndiye mpiga gitaa wa kwaya ya usharika wao. Alikuwa. Vidole viwili vya kushoto daktari amesema havitakunjika tena.

"Kamwene, fundi wa kuchoma watu!"

"Kamwene, shemeji. Kaa huko upepo unakoelekea, unanuka mshikaki."

Amecheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Afadhali ilikuwa mimi. Wewe una watoto wanne."

Nimeinamia nyaya.

Nimezipitisha zote kwenye bomba la plastiki, nikaziachia ulegevu pale shingoni. Nimegeuza usukani kushoto, kulia, mara ishirini. Hakuna kinachosugua. Fyuzi ya kweli nimeifunga karibu kabisa na betri. Kazi safi, sijawahi kufanya safi hivi.

Festo ameitazama yote. "Mikono ikipona, mimi ndiye wa kwanza kuipanda," amesema. "Wewe nakuamini."

Sijamwambia.

Ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Siku moja kabla ya moto nilinusa plastiki inaungua chini ya tangi, nikaogopa, ndiyo maana nikapanda haisi. Festo alipoomba pikipiki nilimpa ufunguo, kwa sababu kijiwe chote kilikuwa kinatazama.