Kumbukumbu za Kikao cha Kuchagua Kamera ya Zamu, Chama cha Picha za Kila Siku

TAREHE: Jumamosi, 14 Juni
MAHALI: Chumba cha nyuma, studio ya Mwenyekiti
MUDA: Kikao kilipangwa kuanza saa tisa alasiri. Kilianza saa tisa na nusu, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa akimpiga picha ya pasipoti mtoto aliyekataa kufumbua macho.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, mpiga picha wa studio
2. Mama Barua, msambaza barua, mdogo wake Mwenyekiti
3. Mfamasia, mwenye duka la dawa la kona
4. Fundi, mshonaji wa nguo
5. Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Mwalimu wa Hesabu, anayesahihisha mitihani. Alituma ujumbe kwamba seti yoyote ya kamera itamfaa mradi betri isiishe njiani. Ujumbe ulipokelewa kama salamu, si kama kura.

KUMB. NA. 1/06: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuomba radhi kwa kuchelewa. Aliwaonya wasiegemee pazia la nyuma, ambalo bado lilikuwa na unyevu wa rangi. Fundi alikuwa ameshaliegemea.

KUMB. NA. 2/06: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Ilikumbushwa kwamba kamera ya chama, iliyobebwa kwa zamu na kila mwanachama tangu chama kianzishwe, imekufa kitufe cha kupigia na fundi wa kamera amekataa kuipokea tena. Ilikumbushwa pia kwamba kamera ya zamu haikai nyumbani. Mwenye zamu huenda nayo kazini, sokoni, kliniki na kila anakokwenda, na kila siku ya zamu yake hurudi na picha moja ya jambo la kawaida. Picha hizo ndizo zinazobandikwa kwenye ukuta wa mwaka.

Duka la kamera lilikubali kutuazima seti mbili ili tuzijaribu kabla ya kununua moja. Seti kubwa ni kamera yenye lenzi ndefu ya kuvuta, inayoweza kumleta karibu mtu aliye ng'ambo ya barabara. Seti ndogo ni kamera inayotosha kiganjani, yenye lenzi moja fupi isiyovuta. Anayetaka kumsogelea mtu kwa seti hiyo husogea kwa miguu yake mwenyewe. Kila mjumbe alibeba kila seti kwa wiki moja, ila Mama Barua, aliyebeba ndogo tu.

KUMB. NA. 3/06: TAARIFA YA MAJARIBIO

Mfamasia alieleza kwamba aliziweka seti zote mbili kwenye mizani ya dukani. Kubwa ilikaribia kilo mbili pamoja na mkoba wake. Ndogo haikufika nusu kilo. Fundi alisema hakuhitaji mizani, kwani kubwa ni pasi ya mkaa na ndogo ni mkasi.

Hata hivyo ilibainika kwamba wajumbe wengi walirudi na picha chache mno kutoka kwenye seti ndogo. Mwenyekiti aliomba jambo hilo liandikwe. Limeandikwa.

Katibu aliuliza sababu. Mfamasia alieleza kwamba tatizo halikuwa kamera. Fundi, kwa nia njema, alikuwa ameishonea seti ndogo mfuko wa sufu, wenye bitana ndani, kifuniko juu ya bitana na vifungo sita. Wajumbe, kwa kuona kitu ni kigeni na ni cha kuazima, walikifunga vifungo vyote, wakakitia ndani ya mkoba, na mkoba wakautia ndani ya mkoba mwingine. Mfamasia alisema kila alipofika kifungo cha nne, mgonjwa alikuwa ameshalipia dawa, ameshameza na ameshapona.

Fundi alijibu kwamba yeye hushona nguo za kuvaliwa, hashoni nguo za kuvuliwa haraka. Alisema kama daktari alitaka zipu angesema. Mfamasia alimwomba asimwite daktari mbele ya watu. Mwenyekiti aliwarudisha kwenye ajenda.

Ilibainika kwamba Mama Barua peke yake aliuacha mfuko nyumbani tangu siku ya kwanza. Alieleza kwamba aliitia kamera kwenye mfuko wa koti lake la kazini, pale anapoweka kalamu, na kalamu akaihamishia sikioni.

KUMB. NA. 4/06: HOJA YA SETI KUBWA

Mwenyekiti aliitetea seti kubwa kwa maneno mengi na mazuri. Alieleza jinsi lenzi ndefu inavyotenga uso wa mtu na fujo la nyuma yake. Alieleza jinsi mtu asiyejua kwamba anapigwa picha anavyobaki na uso wake halisi. Alionyesha picha yake ya mwanamke anayepepeta mchele kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, iliyopigwa kutoka mlangoni mwa studio hii. Wajumbe wote waliisifu. Katibu anaandika kwamba sifa hiyo ilistahili. Vumbi la mchele lilikuwa limesimama hewani, na hakuna mjumbe mwingine ambaye angeliona kutoka chini.

Mfamasia aliiunga mkono seti kubwa. Alisema yeye kutwa yuko nyuma ya kaunta na hawezi kuwaacha wagonjwa akafuata picha, kwa hiyo lenzi ya kuvuta humletea mtaa mzima alipokaa.

Fundi pia aliiunga mkono. Alisema ukiwa na kamera kubwa watu hujipanga na kunyoosha kola, lakini ukiwa na ndogo wanadhani unatafuta mtandao.

KUMB. NA. 5/06: KANUNI YA TISA

Katibu aliomba kikao kitazame kanuni ya tisa kabla ya kura. Kanuni inasema mwanachama asiyebeba kamera kwa zamu tatu mfululizo huondolewa kwenye orodha ya wabebaji, na picha zake haziingii ukutani. Kanuni hiyo iliandikwa na Mwenyekiti.

Mama Barua amekosa zamu mbili za kamera ya zamani, ambayo nayo ilikuwa nzito. Bega lake la kulia liliumia kazini mwaka jana, na daktari amemkataza kubeba chochote zaidi ya mkoba wa barua. Zamu inayofuata ni yake. Ikichaguliwa seti kubwa, hiyo itakuwa zamu ya tatu.

Mfamasia alipendekeza Mama Barua asamehewe kanuni hiyo kwa sababu za kiafya. Alisema yuko tayari kuandika cheti.

Mama Barua alikataa. Alisema: "Bega langu si ajenda. Sitaki kubakizwa kwenye orodha kama fenicha ya marehemu. Ama nabeba ama sibebi."

Mfamasia alisema hakukusudia hivyo, mama.

Mama Barua alisema anajua, na kwamba cheti chenyewe angekipokea kwa mikono miwili kama kingekuwa cha kumpelekea bosi wake. Kisha aliwaomba wajumbe wasimchagulie kamera kwa huruma. "Zitazameni picha. Kama kubwa ndiyo bora, chukueni kubwa. Mimi nitakuja kuzitazama ukutani kama mgeni yeyote."

Mwenyekiti aliomba picha zitandazwe.

KUMB. NA. 6/06: KUTAZAMA PICHA

Picha za majaribio zilitandazwa mezani. Za Mama Barua za seti ndogo zilitazamwa kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Kwa faida ya asiyehudhuria, Katibu anaeleza. Kila picha imepigwa mlangoni au getini, kwa umbali wa mkono, pale mtu anapopokea barua. Mzee mmoja anaipima bahasha kabla ya kuifungua, kama anayepima samaki. Msichana amekwisha kuuona mwandiko, na macho yake yameshaondoka pale alipo. Mwanamume amevaa kiatu kimoja tu na anaona haya, lakini hataki barua isubiri kiatu cha pili. Watu hawa wote wanajua kwamba wanapigwa picha. Mama Barua alieleza kwamba humwomba kila mmoja ruhusa kwanza, na wengine humkatalia, na aliyekataa humtakia siku njema akaenda zake. Waliokubali hawakujipanga. Wanamtazama kama wanavyomtazama kila siku, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaletea walichokishika.

Fundi alisema aliwahi kudhani kazi ya barua ni miguu tu. Alikaa na picha ya kiatu kimoja mkononi mpaka alipoombwa kuirudisha.

Mfamasia aliuliza kama picha ya mzee ingeweza kupigwa kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo. Mwenyekiti alijibu kwamba isingewezekana. Aliongeza kwamba amefanya kazi hii maisha yake yote na hajawahi kutazamwa hivyo na mtu aliyekuwa mbele ya kamera yake. Katibu anaandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

Katibu alibaini kwamba picha za Mwenyekiti za seti ndogo hazikuwa mezani. Mwenyekiti alieleza kwamba hazikuwa na maana. Zilipoombwa, alizitoa kwenye droo. Zilikuwa za milango, viti vitupu, baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo na migongo ya watu.

Mama Barua alisema: "Kaka, sema ukweli. Lenzi ndefu unaipenda kwa sababu haikulazimishi kumsalimia mtu."

Mwenyekiti alisema hoja hiyo iko nje ya ajenda.

Mama Barua alisema toka utotoni wageni wakija nyumbani kaka alikuwa anawaangalia kupitia tundu la ufunguo, na aliwajua wote kuliko waliowakaribisha. Alisema hilo halisemi kwa kumcheka. Alisema picha ya mwanamke wa mchele imetoka kwenye tundu lile lile, na yeye haoni kama kuna mtu mwingine mtaani mwenye jicho hilo.

Kisha Mwenyekiti akatoa picha moja zaidi, ambayo haikuwa kwenye droo bali mfukoni mwake.

Ni picha ya fundi viatu anayekaa mkabala na studio hii. Amepigwa kwa karibu, mdomo ukiwa na misumari midogo na macho yakiwa yamejaa kicheko. Kona moja ya picha imekatika na barabara nyuma yake imelala upande. Mwenyekiti alieleza kwamba siku ya mwisho ya majaribio aliona aibu kurudi na migongo mitupu, akavuka barabara. Fundi viatu alimtazama akija na kusema, "Miaka yote hii nilidhani wewe ni bubu. Kumbe unavuka." Mwenyekiti alisema alipiga picha kwa sababu hakujua la kujibu.

Mfamasia alisema picha hiyo imelala upande. Mama Barua alisema iache ilale.

KUMB. NA. 7/06: KURA

Wajumbe walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mfamasia na Fundi walichagua seti kubwa. Mama Barua na Katibu walichagua seti ndogo. Mama Barua alinyoosha mkono wa kushoto. Mwalimu wa Hesabu hayupo, na Mwenyekiti kwa kanuni hapigi kura ila zikilingana. Zililingana.

Mwenyekiti aliomba dakika chache. Alizishika seti zote mbili, akazirudisha mezani, akazishika tena. Mfamasia alimwuliza kama angependa glasi ya maji. Alisema hapana.

Kisha Mwenyekiti alieleza kwamba anachagua seti ndogo. Aliomba sababu yake iandikwe ili mtu yeyote asidhani kwamba amempendelea ndugu yake. Alisema seti kubwa ni bora kuliko ndogo kwa kila kipimo anachokijua, na kwamba kama ni studio au sherehe angeichukua bila kufikiri. Lakini chama hiki ni cha picha za kila siku, na kamera ya kila siku ni ile ambayo mtu akiwa amechoka, akiwa na mzigo wa sokoni au na mtoto mkononi, bado atakuwa nayo. Alisema ameona mezani kwamba ukaribu ule hauletwi na lenzi, unaletwa na mtu aliyekubali kufika mlangoni. Alisema yeye bado hajui kufanya hivyo vizuri, na anataka kamera ambayo itamnyima kisingizio.

AZIMIO: Chama kinunue seti ndogo. Mfamasia aliomba iandikwe kwamba ameshindwa na hana kinyongo, ila atahitaji mtu wa kumkalia dukani siku za zamu yake. Katibu alijitolea.

AZIMIO: Mfuko wa sufu ustaafishwe kwa heshima. Fundi alisema hakushonea kamera mfuko huo ili ukae kabatini, kisha akasema atamshonea kila mwanachama mfuko mmoja wa ndani kwenye koti au gauni lake la kazi, bila kifungo hata kimoja. Alianza kumpima Mfamasia kabla ajenda haijafungwa. Mwenyekiti aliomba asubiri. Hakusubiri.

KUMB. NA. 8/06: MENGINEYO

(i) Fundi alipendekeza kanuni ya tisa ifutwe. Mwenyekiti alisema aliyeiandika ndiye atakayeleta hoja ya kuirekebisha, katika kikao kijacho, na kwamba aliiandika akiwa na hasira na wanachama wavivu. Alimtazama Mama Barua na kusema kwamba hakuwahi kumfikiria yeye. Mama Barua alisema: "Ndiyo maana inauma, kaka." Mwenyekiti alisema amesikia. Alisema: "Nisamehe, mdogo wangu." Mama Barua alisema sawa.

(ii) Duka lilikuwa limekubali kwamba seti ya majaribio itakayochaguliwa ndiyo iwe ya chama. Kwa hiyo zamu imeanza leo. Mwenyekiti aliikabidhi kamera kwa Mama Barua pamoja na betri ya akiba na kuanza kumweleza namna ya kuisafisha lenzi. Mama Barua alimwambia kwamba ameshaisafisha kwa wiki nzima na haijalalamika. Aliitia kwenye mfuko wa koti, akaomba ruhusa ya kutangulia kwa kuwa jua lilikuwa linaondoka kwenye upande wake wa barabara. Aliruhusiwa.

KUMB. NA. 9/06: KUFUNGA KIKAO

Mfamasia alitoa hoja kwamba kikao kifungwe, Fundi akaiunga mkono. Mwenyekiti hakuisikia hoja hiyo, kwa kuwa alikuwa amesimama dirishani akitazama barabarani, ambako Mama Barua alikuwa amesimama mbele ya mtu, kamera ikiwa bado mfukoni, akizungumza naye kwanza. Wajumbe walisubiri. Mama Barua aliponyanyua kamera hadi jichoni kwa mkono wa kulia, Mwenyekiti aligeuka na kuomba hoja irudiwe.

Hoja ilirudiwa na kupita bila kupingwa, saa kumi na moja na robo jioni.

Zimethibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

……………………………
MWENYEKITI

……………………………
KATIBU