Kisanduku Kisichosahau

Jumamosi, 11 Januari 2025

Renatus kafanya yake tena. Kafuta keki! Si keki yenyewe, ile ililiwa zamani. Kafuta picha zote za kukata keki za harusi ya Rulenge, eti anapunguzia kompyuta mzigo. Bibi harusi kaja kuchagua za albamu, anauliza keki iko wapi. Mume wangu bila aibu akasema mwanga ulikuwa mbaya. Mwanga! Mimi nikatazama dari.

Na hadi diski yenyewe inalia tik-tik kama saa ya ukutani. Studio yetu nzima imo mle: harusi, komunyo, misiba ya nusu ya Ngara. Ikifa, na sisi tumekwisha. Nimemwambia lazima tununue kitu cha kutunzia nakala, pikipiki itasubiri matairi. Kanuna kidogo, kisha kamaliza viazi vyake.

Jumanne, 14 Januari

Washauri ni wengi. Adelfina wa duka la jirani anasema tuweke mtandaoni. Video ya harusi moja tu itamaliza bando la mwezi, na hapo mtandao uwe umeamka vizuri. Renatus anataka flashi nyingi ndani ya kopo la majani ya chai. Flashi! Moja ilifuliwa mfukoni mwa suruali yake, kisha ikapigwa pasi.

Nataka kitu cha kukaa hapa hapa dukani, kinakili chenyewe bila kumtegemea mtu. Hasa mtu fulani.

Alhamisi, 16 Januari

Biharamulo kwa Luqmani na kurudi, vumbi mpaka kwenye kope. Baba yake alikuja huku kutoka Tanga akiuza vitambaa. Luqmani anauza kompyuta, lakini maneno ni yale yale: "Shika mwenyewe, mama, usikie uzito."

Kanipangia visanduku viwili. Vyote vina diski mbili ndani, moja ikifa nyingine inaendelea. Cheusi, ukifuta kitu kwenye kompyuta, nacho kinafuta. Cha kijivu, ukifuta, chenyewe kinakiweka pembeni mpaka mwenye neno la siri aende akakitoe. Nikamuuliza yeye angechukua kipi. Akasema inategemea nyumbani unaishi na nani.

Nikaikumbuka ile keki. Nikachukua cha kijivu. Na betri ya UPS juu yake, maana umeme wetu unajulikana.

Ijumaa, 17 Januari

Kinafanya kazi! Kitaa cha kijani kinapepesa, nakala zinaingia zenyewe. Renatus kakizunguka mara mbili, kisha kakipa jina: Mama Mkwe. Kwa nini? Kwa sababu hakisahau kitu. Ni mama yangu anayesemwa hapo! Nimekasirika na kucheka kwa pamoja.

Jumanne, 18 Februari

Bonifasia wa Mabawe kaja, macho mekundu. Uchumba wake na Sindayigaya umevunjika. Kumbe bwana ana mke Kahama! Na sisi tulipiga picha siku ya mahari, ng'ombe, vigelegele, kila kitu. Anataka zote zifutwe mbele ya macho yake.

Nikamuuliza mara mbili. "Zote, dada. Sitaki hata moja ibaki duniani." Nikafuta, akiona. Nikamwahidi hakuna nakala popote. Akanishika mikono yote miwili, masikini. Mchana kutwa nimejisikia mtu mwema.

Jioni nasonga ugali — mwiko ukasimama wenyewe. Mama Mkwe!

Jumatano, 19 Februari

Nimefungua kisanduku. Zimo zote. Kidole kiko tayari kufuta, nikasema ngoja nipitie mara ya mwisho.

Basi nikaikuta ile ya baba yake Bonifasia, Mzee Ndikuriyo. Kainamia mtungi wa pombe ya mtama, mrija mdomoni, anacheka mpaka jicho moja limefumba. Pembeni yake Sindayigaya na mrija wake, mtungi mmoja, baba na mkwe. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo.

Mteja wa pasipoti kaingia, nikafunga. Nitafuta kesho.

Jumatatu, 28 Aprili

Mzee Ndikuriyo kafariki.

Kaka yake Bonifasia kaja na kitambulisho cha mzee, tukuze picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Ndiyo pekee waliyo nayo. Mzee kakunja uso kama kakamatwa na polisi. Tulipoikuza, uso ukawa ukungu mtupu.

Ile kesho ya Februari sikuifanya. Picha zimo bado kisandukuni, hatua tatu kutoka alipokaa yule kaka. Nilitaka kusema. Lakini nilimwahidi dada yake hazipo! Mjini hapa nani ataleta tena harusi yake kwa mtu anayedanganya kuhusu picha? Nikamkabidhi ukungu, akanishukuru. Nimeona haya.

Jumapili, 14 Septemba

Misa ya kwanza. Katekista kasoma matangazo ya ndoa: Bonifasia wa Mabawe na Nzeyimana wa Biharamulo, tangazo la kwanza. Shingo zikageuka kanisa zima. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli kabisa. Renatus kaninong'oneza, "Kazi hiyo inakuja." Mbele ya altare!

Jumanne, 16 Septemba

Kazi imekuja. Nzeyimana ni kijana mpole, kaamkia vizuri, kisha katoka nje kuangalia pikipiki na Renatus. Bonifasia kabaki. Anataka picha ya baba iwekwe meza kuu siku ya harusi. Kaleta ile ya ukungu.

"Baba hakuwa hivi," akasema. "Zile nilizokufutisha, dada — laiti ungenikatalia."

Nikasema zipo. Basi. Neno lilitoka lenyewe.

Kanitazama. Sikujua atanipiga kofi au atanikumbatia. Akasema, "Nionyeshe. Ila huyu wa nje habari za Sindayigaya bado sijamwambia."

Nikamkata Sindayigaya kwenye kompyuta haraka haraka, kichwa, bega, mkono wote. Akabaki mzee na mtungi wake, anacheka. Bonifasia kaziba mdomo, analia na kucheka. Kisha sauti ikamponyoka: "Baba yangu!" Nzeyimana kasikia, kaingia na Renatus nyuma yake. Katazama kioo, naye katabasamu. Kasema mzee alikuwa na furaha, laiti angemkuta.

Kisha kainama karibu zaidi. Kidole kwenye mtungi. "Na huu mrija wa pili, ni wa nani?"

Bonifasia kanitazama mimi. Nikasema nafuata karatasi za kuchapia.

Nimo chumba cha nyuma, naandika nimesimama. Mbele Nzeyimana anauliza tena.

Sasa Renatus ananiita: "Mama Teddy! Karatasi si hizi hapa mezani?"