Maziwa ya Siku ya Ishirini na Tatu

Jeddah, Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekula mchana wa Ramadhani. Sambusa moja, jikoni, nimesimama. Si mgonjwa, sina udhuru. Sijamwambia mtu.

Alasiri nimeshuka kwa Bi Nuala, jirani wa ghorofa ya chini, kama kila siku tangu nimalize shule. Alikuwa akifundisha wauguzi pamoja na Mama. Sasa moyo wake mbovu, na baada ya Idi anarudi kwao Ireland. Yeye anasimulia maisha yake, mimi napiga chapa kitabu chake. Ujanani alipigana kuwaondoa Waingereza. Alificha bunduki chini ya mtoto mchanga, kwenye kigari chake. Akafungwa. Gerezani yeye na rafiki yake Bridi wakagoma kula. Nikasema, kama Ramadhani. Akacheka.

"Mwanangu, saumu yenu ina magharibi."

Jumatano, 5 Machi

Leo Bi Nuala amesimulia mgomo ulivyomwishia. Kwao wote wanaamini daktari alimlisha kwa nguvu. Si kweli. Siku ya ishirini na tatu aliomba maziwa mwenyewe. Bridi, seli ya pili, akagonga ukuta: "Ungali nami?" Akamjibu, "Ningali." Kikombe mkononi.

Bridi aliendelea hadi akapofuka. Yu hai. Hajui mpaka leo.

Simlaumu Bi Nuala. Nampenda zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Orla, mpwa wake, amekuja kutoka Riyadh anakofundisha, kuchukua kitabu. Bi Nuala alikuwa amelala, dawa zimemzidi. Orla akasoma, alipofika kwenye maziwa uso ukamwiva.

"Futa ukurasa huu. Kwetu shangazi kachorwa ukutani kama shujaa, sura nzima. Unataka wampake chokaa?"

Nikasema ni maneno yake mwenyewe.

"Wewe mpiga chapa tu, bibie. Yalla, haraka."

Nikafuta. Mwoga mimi. Najichukia.

Jumapili, 9 Machi

Orla amesharudi Riyadh na kitabu. Nimemweleza Bi Nuala yote. Nilidhani atanifukuza. Akauliza tu kama naukumbuka ule ukurasa. Naukumbuka neno kwa neno.

Akasema kitabu tumwachie Orla. Ukurasa ni wa Bridi.

Nikauandika kwa mkono. Akataka niusome kwa sauti, maana Bridi atasomewa na binti yake. Nikasoma. Nilipofika kwenye kikombe akaniambia nisikimbie. Nikarudia, polepole. Akatia sahihi.

Barua nimeipeleka posta mwenyewe. Mara ya kwanza nimesema na karani bila Mama kunisemea.

Orla hajui. Nawe, daftari, nyamaza. Mtu asijue mpaka Bridi ajibu.