Ndege ya Saa Tano

Jumatatu, 4 Agosti

Abiria wanne tu asubuhi. Ndege ina viti kumi na tisa. Wawili wameshuka Kilwa na kamera zao kwenda kuona magofu, wawili wamefika hapa Lindi. Nimefuta kaunta, nimepanga vitambulisho vya mizigo, nimefagia mchanga. Upepo wa kusi unavuma, kesho mchanga utakuwepo tena.

Ofisi yetu ni chumba kimoja hapa uwanjani Kikwetu. Mimi ndiye ofisa masoko, mkata tiketi na mpima mizigo. Cheti changu cha chuo mama amekitundika sebuleni kwetu Kitomanga, juu ya televisheni. Anadhani nafanya kazi angani.

Mpango wetu ulitaja watalii na wanunuzi wa korosho. Watalii ni wachache. Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Naogopa.

Jumamosi, 9 Agosti

Ndege ya pili imefika! Kapteni Sofia kaileta mwenyewe.

Nimtaje vizuri, maana sijawahi kumwandika. Mwanzilishi wa shirika hili. Mtu wa Newala, amezidi hamsini, amerushia wenzake ndege miaka mingi kabla ya kujirushia zake. Wenye mitaji walimtaka anunue jeti zilizotumika. Bei zake zilikuwa za kushawishi. Akawauliza zitatua wapi, juu ya minazi? Uwanja wetu haubebi jeti. Akachagua hizi za mapangaboi, kutoka nchi kavu isiyo na bahari. Anasema ndege iliyolala pwani huliwa na chumvi kwa ndani huku rangi inang'aa. Alizikagua kwa tochi, amelala chali sakafuni.

Hashimu, fundi wetu mkuu, aliizunguka mara mbili akinusa.

"Mtumba, Kapteni. Lakini mtumba wa kuchagua, siyo wa kurushiwa rundo."

"Na wewe fundi wangu nilikuokota kwenye rundo lipi?"

Hashimu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisimama nyuma ya mkia kama mjinga, machozi yananilenga. Sijui kwa nini. Nataka kuwa mtu anayejua kuchagua kitu.

Jumatano, 13 Agosti

Habari mbaya. Ndege ya pili tumeikodi ili tuje kuinunua. Mwenyewe, kampuni ya huko ng'ambo, ameona idadi ya abiria wetu. Viti visipojaa hadi mwisho wa Septemba, anaichukua.

Tukibaki na moja, kila inapoingia matengenezo safari zinasimama. Abiria anayeachwa mara mbili harudi. Hatutafika Krismasi.

Kapteni alisoma ujumbe, akaomba chai. Akainywa yote. Mimi yangu ilipoa.

Alhamisi, 21 Agosti

Niandike hii kabla haijachuja.

Saa tano na nusu simu kutoka Dar. Mwanamume. Mama yake amefariki alfajiri kijijini kwao Mchinga, ndiyo kwanza amepata habari. Kwa basi angefika kaburi limeshafukiwa. Anauliza kama kuna ndege. Nikamwambia ndege ya leo imeshaondoka Dar, iko hapa Lindi, itarudi jioni. Akasema "Haya, dada, asante." Ile haya ilinichoma.

Nilimweleza Kapteni kama taarifa tu. Akaweka chini kikombe.

"Abiria wa jioni wangapi?"

"Mmoja, ameshafika. Anasema hata sasa hivi yuko tayari."

"Mpigie mfiwa aende uwanjani Dar, namfuata. Wewe nenda Mchinga kaongee na wazee. Hashimu, mafuta."

Nikachukua bodaboda. Msibani nikafunga kanga, nikatoa pole, nikapelekwa kwa kaka wa marehemu. Mzee mkavu, kofia imekaa sawasawa.

"Shikamoo, babu. Mwana wa marehemu yuko njiani. Tunaomba mumsubiri."

"Marahaba. Njiani wapi?"

"Anakuja na ndege."

Alinitazama. "Binti, maiti hasubiri ndege. Sunna ni kuharakisha." Kisha akaangalia kivuli cha ukuta. "Tulisema baada ya Adhuhuri. Tutasema baada ya Alasiri. Zaidi ya hapo usiniombe."

Nilikaa na wanawake uani, maana sisi hatwendi makaburini. Tukamenya mihogo. Adhuhuri ikapita. Hakuna aliyeniuliza kitu na kila mtu alikuwa ananiangalia. Alasiri ikaadhiniwa. Wanaume wakaswali, wakamswalia marehemu, jeneza likanyanyuliwa. Nikaona nimewadanganya wafiwa.

Ndipo mlio. Kwanza kama mashine ya kusaga ya kijiji cha jirani, halafu juu ya vichwa vyetu, chini sana, inaelekea Kikwetu. Mama mmoja akaacha kisu.

"Huyooo! Kaja!"

Wanawake wakalia upya, kilio kingine, chenye nafuu ndani yake. Jeneza lilikwenda polepole. Wabebaji walipokezana kila hatua chache, kumbe makusudi. Mfiwa wetu aliletwa na pikipiki, shati la ofisini, viatu mkononi. Baadaye nikaambiwa aliwahi kuingia kaburini kumpokea mama yake.

Niliporudi uwanjani Kapteni alikuwa anafuta kioo cha mbele. Nikamwambia amewahi. Akasema "Alhamdulillahi," yeye Mkristo, akaendelea kufuta.

Ijumaa, 22 Agosti

Simu tangu asubuhi. Mchinga nzima ina ndugu Dar, na Dar nzima imesikia. Hawaulizi magofu. Wanauliza, mtu akifiwa usiku, atapata ndege saa ngapi?

Jumatatu, 25 Agosti

Kapteni amefuta ratiba yangu. Ya asubuhi sana ilikuwa ya watalii. Sasa tunatoka Dar saa tano. Aliyepata habari alfajiri anafika Lindi kabla ya Adhuhuri. Viti viwili vya mbele haviuzwi kabisa mpaka mlango unapofungwa. Ni vya wafiwa. Nauli ileile ya siku zote, hata kama kaja dakika ya mwisho.

Nilipinga. Nilisoma kwamba kiti cha dakika ya mwisho ndicho cha faida. Akasema, "Zuhura, mtu hachagui siku ya kufiwa. Hiyo siyo faida, ni kumwibia aliyefumba macho."

Nikaandika ratiba mpya. Moyoni nilikuwa na swali jingine, nalo naliandika hapa tu: je, tunaishi kwa vifo? Linaniudhi. Linaniudhi zaidi kwa sababu abiria wameongezeka.

Jumanne, 2 Septemba

Kumi na sita! Wafiwa ni wawili tu. Waliobaki wanakwenda kusoma khitma, kutazama wagonjwa, kuona shamba kabla ya mavuno, kumcheza mwali unyagoni. Mmoja anatoka hapa mpaka kijijini Likawage, siku nyingine njiani, lakini anasema angalau nusu ya kwanza amekaa kama binadamu. Watu wa kwetu walioko Dar. Soko letu ni hawa. Walikuwa wanapanda basi pembeni yetu siku zote tukitazama wageni.

Swali langu la juzi limepungua uzito. Mtu akimwamini aliyemfikisha kwenye msiba, atamwamini kwenye mengine.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilifurahi mapema. Wametupa jina. "Ndege ya msiba."

Harusi mbili zimeghairi leo. Mama wa bwana harusi kanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, harusi haipandi jeneza." Wanarudi kwenye basi. Mgonjwa mmoja naye kakataa, anasema bado hajafika huko. Siwezi kumlaumu.

Abiria saba. Septemba inakwisha. Nilimwambia Kapteni tuviondoe viti vya wafiwa, kimyakimya. Hakukasirika. Akasema hapana. Nilimchukia kwa muda mfupi, halafu nikajichukia mimi kwa muda mrefu.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo nimecheka na kulia, sijui kipi kilitangulia.

Safari ya kurudi Dar. Upande mmoja wa chumba chetu, familia iliyotoka kuzika jana, imesindikizwa na bibi mmoja wa Mchinga, mtani wa ukoo wao. Upande mwingine, bibi harusi na watu wake, hina mpaka viwiko, wanakwenda kufungisha ndoa Dar. Shangazi wa bibi harusi akawaona wafiwa. Akasimama mlangoni.

"Hatupandi. Nuksi!"

Kapteni akazima injini, akashuka, akasalimia wote, akasema, "Tutangoja." Sijui ujasiri ule anautoa wapi. Mimi jasho lilishalowesha blauzi.

Yule bibi mtani akainuka.

"We shangazi! Mmekuja na gari gani hapa?"

"Noah ya kukodi. Inakuhusu?"

"Ile ya bluu, kioo cha nyuma kimebandikwa gazeti?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Jana asubuhi ilimbeba marehemu wetu toka hospitali. Umekalia alipolala. Teremka sasa urudi kwa miguu na hina yako!"

Kisha mfiwa mwenyewe, mtoto wa marehemu, akaangua kicheko. Utani hauulizi ruhusa msibani. Bibi harusi akacheka, shangazi akajikaza, akashindwa.

"Mchawi wewe, bibi!"

"Mchawi ni mama yako, na wifi yake ni mimi! Haya, nakaa katikati. Msiba kushoto, harusi kulia. Anayetaka kulia alie, anayetaka kigelegele apige."

Hakuwa na tiketi. Nikamtazama Kapteni. Akasema, "Mtani hakatiwi tiketi." Akampa kiti cha mbele, kimoja cha vile viwili.

Kigelegele kilisikika mpaka ndege ilipogeuka mwisho wa uwanja.

Alhamisi, 25 Septemba

Kisa cha Noah kimefika Dar kabla ya ndege, naapa. Watu wananipigia wakicheka. Zile harusi mbili zimerudi. Leo tumejaa, kesho tumejaa. Hashimu anaomba na yeye atafutiwe mtani wa kumfundisha lugha.

Jumatatu, 29 Septemba

Ndege inabaki. Wamekubali kutuuzia.

Kapteni alinipa simu nisome mwenyewe. Nikasoma mara tatu. Nilitaka kumkumbatia, nikampa mkono. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama watu wa kwetu wanavyotoa pole, na kama wanavyotoa hongera. Halafu akaenda kuangalia matairi.

Jumatano, 1 Oktoba

Asubuhi shwari. Saa tano niliongea na mwenzangu wa Dar kabla hajafunga mlango. Abiria kumi na saba. Viti viwili vya mbele vilikuwa wazi na kuna wafanyabiashara walikuwa wanavitaka. Tukasubiri simu. Haikuja. Akawauzia.

Nimekaa nje kwenye ngazi. Hakuna aliyefiwa leo, kutoka hapa mpaka Mchinga. Nimelisema kwa sauti, peke yangu. Ndege bado haijaonekana.