Behewa la Kokoto la Wilf Garside

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Desmond Alderthwaite. Umri: miaka 71. Kazi: karani mstaafu wa reli. Makazi: Thornby Bridge, Yorkshire.

Mimi ni jaji wa chama chetu cha waunda treni ndogo. Naeleza kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 9 Machi 2019, saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa katika ukumbi wa kanisa nikikagua mabehewa ya mashindano. Nigel Stobbart, mwenyekiti wetu, mtu asiyejua hata kushika bisibisi, alileta behewa la kusawazisha kokoto za reli, la mtindo wa zamani, lenye jembe mbele na nyuma, urefu wake kama kiganja. Alisema ameliunda mwenyewe. Lilikuwa linang'aa kama sahani ya wageni. Nikalipatia zawadi ya kwanza.

Saa tano na dakika kumi aliingia Bi Enid, mjane wa Wilf Garside, aliyetengeneza njia ya reli miaka thelathini. Mwezi Novemba, baada ya mazishi, Stobbart alijitolea kumsaidia kupanga kibanda ambamo marehemu aliundia treni zake. Ndiko kumkabidhi fisi bucha. Bi Enid alilichukua behewa mezani bila ruhusa, jambo ambalo kwetu ni baya kuliko tusi.

Stobbart akafoka, "Weka chini, mama! Kazi ya mtu haiguswi!"

"Mtu gani?" akajibu, akaligeuza. Chini pamechorwa kwa sindano: W. Garside. Mwizi ameosha juu kote, chini hakutazama. Hata kuiba hajui.

Stobbart akajitetea, "Mimi nilitoa uchafu tu." Uchafu! Wilf alisaga kokoto za njia aliyoitunza mwenyewe, akalipaka vumbi lake kwa brashi majira yote ya baridi. Behewa la kokoto halijawahi kuwa safi hata siku moja. Mpumbavu yule hajui hata hilo.

Nimeulizwa kwa nini sikulitambua. Mwaka jana Wilf alilileta mbele yangu. Nililinyima zawadi, nikaandika kwenye kadi: "Chafu mno."

Bi Enid hakumtazama Stobbart. Aliniambia mimi: "Kumbe ulitaka sabuni tu, Desmond. Si ungemwambia akiwa hai?"

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nami nayathibitisha.

Sahihi: D. Alderthwaite

Maelezo yameandikwa nami, Konstebo P. Lumb, saa nane mchana. Shahidi ameshauriwa aondoe matusi, amekataa.